Hata nyanya alikuwa hajamwona simba

AHADI ni deni, na mtoto ndiye mdai asiyesahau.

Binti yangu ana umri wa miaka tisa na yuko gredi ya nne katika shule moja ya mtaani kwetu, jijini Nairobi. Alianza kunidai mwezi wa Aprili. Mwalimu alikuwa amewauliza darasani ni mnyama gani ambaye kila mmoja amewahi kumwona kwa macho yake mwenyewe. Wenzake walitaja twiga na ndovu. Yeye alitaja mbuzi wa jirani. Darasa zima likacheka, naye akarudi nyumbani uso umemvimba kwa kulia.

"Likizo hii tutakwenda kuwaona wanyama," nilimwambia ili anyamaze.

Likizo ya Aprili ikapita, kwa sababu mwajiri wangu hakunipa ruhusa. Ilipokaribia likizo ya Agosti, alikuwa haniulizi tena. Alikuwa akinitazama tu. Msomaji, kama wewe ni mzazi, unajua kwamba mtoto anapoacha kuuliza, jambo limekuwa zito kuliko alipokuwa akiuliza.

Basi nikapanga. Safari ya Maasai Mara ilikuwa ghali mno kwa mfuko wangu. Lakini mama yangu mzazi anaishi Samia, karibu na Funyula, katika Kaunti ya Busia, na kila Agosti tunakwenda kumjulia hali. Nikawaza: ukishafika Busia, Uganda si iko ng'ambo ya barabara? Kwa nini tusivuke hadi Entebbe?

Huko Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, kuna Kituo cha Elimu ya Wanyamapori cha Uganda. Kilianzishwa mwaka wa 1952 ili kuwapokea wanyama yatima na waliojeruhiwa, na mwaka wa 1994 kikageuzwa kuwa mahali pa kufundishia watoto na watu wazima juu ya wanyama. Kuna simba, sokwe, twiga na vifaru, na yule ndege wa ajabu mwenye mdomo kama kiatu.

Ndani ya basi la usiku nilimsimulia habari za vifaru. Uganda ilipoteza vifaru wake wote kwa majangili kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka wa 2005 vifaru weupe wanne walitolewa shamba la Solio nchini Kenya, wakapelekwa mahali paitwapo Ziwa, kaskazini mwa Kampala. Wengine wawili wakaletwa kutoka Marekani. Mwaka wa 2009 akazaliwa ndama wa kwanza, baba yake akiwa wa Kenya na mama yake wa Marekani. Wakamwita Obama.

Mtoto alicheka hadi abiria wa mbele akageuka. Nikajisemea moyoni kwamba deni linalipika.

TULIPOKWAMA

Tulishuka Busia asubuhi, malori yamejipanga mstari na wabadilishaji fedha wameshafungua kazi. Tangu mwaka wa 2018, kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi, maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, hivyo msafiri hapangi foleni mara mbili. Nilikuwa na kitambulisho changu, ambacho tangu mwaka wa 2014 kinamtosha Mkenya mtu mzima kuingia Uganda. Nilikuwa na kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano. Nilijiona mzazi aliyejipanga.

"Na hati ya mtoto?" afisa aliuliza.

Nikafungua mkoba. Nikafungua mfuko wa mbele. Nikafungua hata kibegi cha mtoto chenye penseli na daftari. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa Nairobi, ndani ya faili niliyoitayarisha kwa mikono yangu mwenyewe kisha nikaiacha juu ya kabati.

Afisa yule hakunikaripia. Alinieleza kwa upole kwamba mtoto hawezi kuvushwa mpaka kwa maneno ya mdomo tu, na kwamba sheria hiyo iko kwa ajili ya usalama wake, kwani si kila mtu mzima anayemshika mtoto mkono ni mzazi wake. Sikuwa na la kujibu. Tukatoka nje.

Binti yangu hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Si kitu, baba. Tutakuja mwaka ujao." Alilisema kwa sauti ya mtu mzima aliyezoea.

WANYAMA WA JIWENI

Tuliketi kwenye kibanda tukinywa chai. Mwendeshaji bodaboda mmoja aliyekuwa meza ya pili alikuwa amesikia yote. (Wasemavyo wengi, neno hilo bodaboda lilizaliwa papa hapa mpakani, pale wenye baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo katika ile nafasi iliyo kati ya vituo viwili, wakiita wateja: "Boda! Boda!")

"Mzee," akaniambia, "kama ni wanyama, mpeleke mtoto Kakapel. Wako kwenye jiwe, hawatoroki."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Tulipanda matatu ya Malaba, mwendo wa kilomita 30 hivi, tukaipita ile foleni ya malori ambayo binti yangu alijaribu kuihesabu akashindwa. Kutoka huko tukachukua pikipiki hadi kwenye vilima vya Chelelemuk, upande wa Teso Kaskazini.

Kakapel ni mwamba mkubwa uliojikunja juu kama ukumbi, na chini yake watu wa kale waliacha michoro. Imo miduara na mistari ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo wataalamu husema ilichorwa na wawindaji miaka elfu kadhaa iliyopita. Juu yake wafugaji waliokuja baadaye walichora ng'ombe, wengine wenye nundu na wengine wasio nayo. Mwaka wa 2004 mahali hapo paliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kama turathi ya taifa.

Wachimbuaji wa mambo ya kale walichimba ardhi ya hapo pia, na mwaka wa 2024 walitangaza kwamba walipata mbegu ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi. Yaani kunde zile zile tunazonunua sokoni.

Binti yangu alisimama mbele ya jiwe muda mrefu, mikono nyuma, maana tulikuwa tumeonywa tusiguse. Alihesabu ng'ombe. Kisha akauliza, "Baba, mbona hawakuchora simba?"

"Labda walichora waliyempenda," nikasema.

Hakuridhika, lakini alitoa daftari na penseli akachora ng'ombe asiye na nundu. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kuandikwa katika daftari lile la safari.

NYANYA NA SUNGURA

Tulifika kwa mama giza likiingia. Alikuwa ametupikia ugali wa wimbi na mboga ya kunde. Binti yangu alizitazama kunde zile, akamweleza nyanya yake kwamba mboga hii ina miaka 2,300. Mama akajibu kwamba yeye aliichuma leo jioni.

Baada ya kula, ngano zikaanza. Mama yangu ana miaka 78 na ni msimuliaji hasa. Usiku huo alisimulia jinsi Sungura alivyomdanganya Simba, na alipofika pale Simba anapokasirika alinguruma hadi kuku wakashtuka kwenye kitundu chao.

"Kukhu," mtoto akamwuliza, kwa jina ambalo wajukuu wa kwetu humwitia nyanya, "wewe ulimwona simba wapi?"

Mama alinyamaza kidogo. "Mimi sijamwona, mama. Niliambiwa na kukhu wangu. Huyo ndiye aliyemwona, akiwa msichana, akienda kuchota maji."

Nilishangaa. Kwa miaka yote niliyokua nikisikiliza ngano za mama, sikuwahi kumwuliza swali hilo. Nilijua kwamba anawajua viboko wa ziwani, maana waliharibu mashamba. Nilijua kwamba chui alimla mbuzi wake wa kwanza wa mahari. Lakini simba, ambaye amemnguruma kwa watoto watano na wajukuu kumi na wawili, hajawahi kumwona. Watu waliongezeka, vichaka vikawa mashamba, na wanyama wakubwa wakatoweka katika nchi ile kabla yeye hajazaliwa. Kilichobaki ni sauti aliyorithi.

"Basi twende sote tukamwone," mtoto akasema.

Mama akaleta sababu zake. Nani atawafungia kuku? Safari itamchosha. Na jicho lake la kushoto limeshafunikwa na mtoto wa jicho, ataona nini?

"Utaona kwa la kulia, kukhu," mjukuu akajibu. Mama akanitazama. Mimi nikatazama moto.

NDEGE WASIO NA PASIPOTI

Kesho yake tulikwenda Sio Port kununua samaki. Njiani, katika bonde lenye maji, mtoto alinishika mkono kwa nguvu. Korongo wawili wenye taji la dhahabu kichwani walikuwa wakitembea polepole kama wakaguzi wa shamba.

"Baba, si hao ndio wako kwenye bendera ya Uganda?"

Ndio hao hasa. Wanakula upande huu na kulala upande ule, bila kuulizwa cheti cha kuzaliwa. Mto Sio, ambao sehemu yake ya chini ni mpaka kati ya Kenya na Uganda, una kinamasi pande zote mbili, na ndege hawajui ni mafunjo yapi ya nchi ipi. Lakini korongo hawa wamepungua sana Afrika Mashariki, hata tangu mwaka wa 2012 wamo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni kwamba vinamasi vinakaushwa na kulimwa, na makinda hukamatwa yakauzwe.

Ufukoni tulimwona furukombe juu ya mti, yangeyange kati ya mashua, na minandi wakizamia samaki. Hatukulipa hata shilingi. Mtoto alijaza kurasa tatu.

KISUMU

Siku ya nne alfajiri tulipanda matatu ya Kisumu, watu watatu. Mama alivaa kitambaa kipya cha kichwa, na kuku walikuwa wameachwa kwa jirani. Tulipita Bumala, Ugunja, Luanda na Maseno, na kila mji mama alieleza ni nani wa ukoo wetu aliyeolewa hapo.

Hifadhi ya Swala Pala ya Kisumu iko kilomita tatu hivi kutoka katikati ya jiji, ufukoni mwa ziwa. Si kubwa, na hilo ndilo linalowafaa watoto wadogo na wazee. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1992, ili kuwanusuru swala pala wachache waliokuwa wamesalia huku mji ukiwazingira. Swala hao hutembea huru. Binti yangu alijifunza palepale kwamba wenye pembe ni madume pekee. Wanyama wengine, kama simba, chui na fisi, wamo ndani ya uzio na vizimba.

Tulipofika kwa simba, alikuwa amelala. Simba hulala hadi saa 20 kwa siku, kwa hivyo mzazi asimwahidi mtoto mngurumo. Mama alisogea hadi pale panaporuhusiwa, akageuza kichwa ili jicho la kulia liwe mbele. Akasimama. Simba akainua kichwa, akapiga mwayo, akatutazama kwa macho yale ya rangi ya asali.

"Kumbe ni huyu," mama akasema kwa sauti ndogo. Kisha, baada ya muda: "Sungura alikuwa na ujasiri."

Mimi na mtoto tulicheka, lakini yeye hakucheka. Aliendelea kutazama. Wanafunzi wa shule nyingine walikuja, wakapiga kelele, wakaondoka. Mama yangu alikuwa bado pale.

Ndipo binti yangu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Baba, huyu alifanya kosa gani hata akafungwa?"

Nilimweleza kwamba wengi wa wanyama wanaofugwa mahali kama hapa ni yatima, au walijeruhiwa, au walikuwa wakiingia vijijini kula mifugo, na wakiachiliwa leo hawatadumu. "Lakini angekuwa na nyumba yake porini hangekuja kijijini," akasema. Nilimgeukia mama anisaidie. Mama, aliyeliwa mbuzi wake na chui, alifikiri kwanza.

"Siku ile nilitaka chui yule auawe," akasema. "Sasa nakuambia kweli, mjukuu wangu, sijui. Mbuzi nilipata mwingine. Chui hakuna aliyepata mwingine."

UKITAKA KUMPELEKA WAKO

Wazazi wenzangu wameniuliza tulivyofanya. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kuumia.

Kwanza, hati. Ukitaka kuvuka Busia au Malaba na mtoto, tayarisha mapema pasipoti yake au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha kuzaliwa. Mzazi mmoja akisafiri peke yake, abebe pia barua ya idhini ya mwenzake. Kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe za wote. Ziweke mkobani siku moja kabla, si juu ya kabati.

Pili, maeneo yaliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipiwa kwa njia ya simu au kadi, si kwa noti. Ulizia viwango kabla ya kuondoka, kwani hubadilika, na watoto hulipa pungufu.

Tatu, usidhani wanyama wote wako Mara. Magharibi ya Kenya ina Msitu wa Kakamega wenye mbega na nyani wa aina nyingi. Karibu na Kitale kuna Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, iliyotangazwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasini mwenye kwato ndefu zinazomzuia kuzama matopeni.

Nne, fika asubuhi. Jua likipanda, wanyama hujificha kivulini, na watoto huanza kulilia soda.

Tano, usiwalishe wanyama chochote na usiwatupie kitu ili waamke. Mpe mtoto daftari badala ya simu. Anayechora hutazama, na anayetazama huuliza.

Na la mwisho: kama kuna mzee nyumbani anayesimulia ngano, mwulize kama amewahi kuwaona wanyama anaowataja. Usidhani jibu unalijua.

INSHA

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliwapa insha: "Mnyama Niliyemwona." Nilidhani binti yangu ataandika juu ya simba, aidha korongo. Alinionyesha daftari baada ya kusahihishwa. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja na nusu juu ya nyanya yake aliyesimama mbele ya uzio na kugeuza kichwa ili aone kwa jicho moja. Simba alitajwa mara mbili tu. Mwalimu alimkata alama kwa kutoka nje ya mada.

Mimi sikumkata. Niliipiga picha insha ile nikaituma kwa jirani wa mama, aliyemsomea jioni. Naambiwa alitaka isomwe mara ya pili, na kwamba siku hizi, akifika pale Simba anapokasirika, hanguruma kwanza. Hupiga mwayo, akawatazama wajukuu kimya kimya, nao huogopa kuliko zamani.

Mwezi ujao tunampeleka hospitalini kwa ajili ya jicho lile la kushoto. Na cheti cha kuzaliwa cha binti yangu kimo mkobani hivi sasa ninapoandika. Deni la Entebbe bado halijalipwa, na mdai wangu ameanza kuuliza tena.